Kijiji Tulichomkubalia Mama

Ukurasa ule niliukuta kwenye simu wakati wa mapumziko ya chakula, ghalani Columbus, nimevua viatu vya kazi na miguu inawaka moto. Nilikuwa natafuta nyumba ya kupanga. Sijui niligusa nini, nikajikuta nasoma habari za kijiji kimoja kidogo cha Ohio, mbali kaskazini mwa mji wetu, ambacho hata wenzangu waliozaliwa Columbus hawakuwahi kukisikia. Hapakuwa na picha hata moja. Zilikuwa hesabu tupu: watu wangapi, wana umri gani, nyumba ngapi zina wenyewe na ngapi zimefungwa, nyumba moja inaingiza kiasi gani kwa mwaka, watu wanaendaje kazini. Wakazi wote wa kijiji kile wangeingia katika kanisa la mama yangu kule Buffalo na viti vingine vingebaki.

Kama ningeufunga ukurasa ule nikala wali wangu, pengine tusingemuumiza mama. Lakini Jumamosi hiyo nilimpigia simu, sikuwa na jipya la kumwambia, nikamwambia hilo.

Ulikuwa mwaka wetu wa tatu Marekani. Mama alikuwa Buffalo, upande wa magharibi wa mji, ghorofa ya juu ya nyumba kuukuu ya mbao, pamoja na mdogo wangu wa mwisho aliyekuwa akitunza wazee. Mimi nilikuwa Columbus na mume wangu na watoto. Kaka yetu mkubwa alikuwa Shively, pembeni mwa Louisville, na mke wake na watoto wanne. Kutoka kwa kaka hadi kwa mama ni safari ya siku nzima kwa gari, na njiani unanipita mimi.

Tulitawanyika hivi. Siku ya kuandikishwa kwenye kambi ya wakimbizi Burundi, mama aliulizwa nyumba yake ina watu wangapi. Kwetu Kongo, kwenye milima ya Kivu Kusini, mwana akishaoa ana ua wake, na binti aliyeolewa ni wa ua mwingine. Kumhesabu mwanamume mwenye mke ndani ya nyumba ya mama yake ni kumwambia kwamba bado ni mtoto. Mama alijibu kichwa juu: sisi ni nyumba tatu. Kambini vibanda vyetu vitatu viligusana na tulipika kwenye jiko moja, lakini kwenye karatasi tulikuwa nyumba tatu, na karatasi zilipofika Marekani kila moja ikapewa mji wake. Majirani zetu waliojisemea kwamba wao ni nyumba moja walipelekwa pamoja. Mama alilijua hilo. Hakulisema kamwe, ila watu wa kanisa walipomuuliza watoto wake wako wapi, aliitaja ile miji kwa sauti ya mtu anayekiri kosa.

Basi Jumamosi ile nikamsomea kijiji, nikitafsiri mstari baada ya mstari. Kwa simu tulichanganya lugha ya nyumbani na Kiswahili chetu cha Kivu, na mama akihojiwa au akihoji, Kiswahili ndicho kilichotangulia.

"Batu beko na myaka ngapi?" akauliza.

"Wengi ni wazee, mama."

"Na batoto?"

"Kidogo sana."

"Nyumba?"

"Ziko. Mingi haziko na mutu."

Nilisikia maji yanachemka jikoni kwake. "Nyumba inasimama, haina mutu ndani? Benyewe balienda wapi?"

"Haijaandikwa. Banasema tu mu nyumba moja kuko batu wawili na kitu."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Wawili na kitu! Ile kitu ni nini, paka?" Kisha akauliza wanapata pesa gani, nikamwambia kidogo, chini hata ya yetu sisi wa ghalani. "Bon," akasema, na kicheko kikaisha. "Donc, basi ni maskini, na beko na nyumba wazi. Bale ni batu betu."

Jumamosi iliyofuata yeye ndiye aliyepiga. Alikuwa amepanga kila kitu. Kaka angechukua nyumba moja, mimi moja, yeye na mdogo wangu moja, milango ikitazamana. Angefuga mbuzi wawili kwa kuanzia. Wajukuu wangekuwa wakipita kwake kula kabla ya kufika makwao. Hakuwa na cheko hata kidogo. Aliniuliza kama nakubali, nami nikajibu, "Ndiyo, mama."

Hiyo ndiyo adabu yetu. Mtoto hamwambii mama yake "hapana" usoni. Anasema ndiyo, halafu anachelewa. Mama anamwona anavyokaa, anavyojifanya kutafuta jembe, anavyopita njia ya nyuma, na anaelewa. Jambo linafifia lenyewe na hakuna aliyekataa wala aliyekataliwa. Mama mwenyewe aliishi na mama mkwe wake hivyo miaka mingi na walipendana. Ila adabu hii ni ya watu wanaoonana. Kwenye simu mtu haonekani akichelewa. Nilisema ndiyo nikiwa nimejilaza kwenye kochi, nimechoka, najua kabisa kwamba siendi popote, na mama kule Buffalo hakuuona ule mgongo wangu kwenye kochi. Alisikia ndiyo.

Kaka naye alisema ndiyo. Mdogo wangu alisema ndiyo. Mama alikuwa na ndiyo tatu mkononi na hakuwa na sababu ya kutuwazia vibaya.

Kiangazi kilipofika mama akasema lazima akakione kijiji. Alikuja Columbus kwa basi, na kikapu cha ndizi za kukaanga kama vile kwangu kuna njaa. Tulikubaliana kaka aje kutoka Louisville tuongozane. Asubuhi ya safari kaka akapiga simu kwamba ghala lao limempa ovataimu. Sikumwamini, wala sikumlaumu, maana mimi pia ningependa kupata ovataimu siku hiyo. Mama alisema tu, "Kazi ni kazi," akaingia kwenye gari.

Kabla hatujatoka mjini alinisimamisha dukani. Alinunua maziwa, akayamimina kwenye chupa ya chai aliyokuwa ameileta kutoka Buffalo, imesuguliwa na kufungwa kitambaa cheupe. Kwetu huendi kuomba mahali pa kukaa mikono mitupu. Unakwenda kwa mwenye mahali, unampa maziwa, unaketi, unaeleza wewe ni nani na watoto wako ni akina nani, na yeye anakuonyesha pa kujenga. Nilimweleza kwamba hapa nyumba inanunuliwa kwa wakala na benki, hakuna mwenye mahali. Akanitazama akasema, "Kila fasi iko na mwenyewe."

Kijiji kilikuwa barabara moja. Mahindi yalikuja mpaka nyuma ya nyumba. Palikuwa na mnara wa nafaka, kanisa, posta inayofunguliwa nusu siku, na shule iliyopigwa mbao madirishani. Hapakuwa na duka. Ng'ombe hatukuwaona, ila tuliwasikia ndani ya banda refu la bati, na mama alisimama pale kwa muda akisikiliza. "Beko ndani na jua kama hii?" akauliza. Nikamwambia ndivyo wanavyofugwa huku. Niliona haikumpendeza.

Kwenye baraza ya tatu alikuwepo bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, na mashine ya kumsaidia kupumua miguuni pake. Mama alimwendea moja kwa moja. Alipiga goti kidogo, akamshika mikono yote miwili, akamkabidhi ile chupa. Mimi nikabaki natafsiri huku nimeona aibu kweli, nikingoja tufukuzwe. Bibi yule alifungua chupa, akanusa, akauliza ni maziwa ya nini. Nikamwambia ni ya dukani, ni desturi tu. Akajimiminia kwenye kikombe chake cha kahawa, akanywa.

Walizungumza karibu saa nzima kupitia mdomo wangu. Mama akamuuliza ana watoto wangapi. Watano. Wako wapi? Akahesabu kwa vidole: mmoja Columbus, wawili majimbo ya kusini, mmoja jeshini, mmoja hajui. Wanakuja? Sikukuu, wengine. Mama akaushika mkono wake akausugua. Nilidhani moyo wake umevunjika kama wangu, maana nilichokiona pale barazani ni mama mwingine ambaye watoto wake wako kila mmoja na karatasi yake. Kumbe mama yangu aliona tofauti. Tulipoinuka aliniambia, "Huyu muzee haiko na jirani. Mungu anatutuma kwake."

Nyumba ya pembeni yake ilikuwa inauzwa, na ya mbele yake pia. Mama akanipeleka nikasimame kwenye mlango wa ile ya mbele. Yeye akasimama kwenye ngazi za nyingine, barabara katikati yetu, akaniambia niite kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumuita mtu aje kula. Nikaita, "Mama!" Akainua mkono.

"Ninasikia!" akasema. "Ninasikia muzuri!"

Nilikuwa nimeshika kitasa kilichoshika kutu na nilikuwa nimeshaona kila kitu. Hakuna basi la abiria. Zahanati iko mji mwingine, na mama ana presha. Kazi ya karibu ni kiwanda cha nyama, saa nzima kwa gari, na mama hawezi kuendesha. Watoto wangu, ambao tayari walikuwa wakinijibu kwa Kiingereza nikiwauliza kwa Kiswahili, wangenichukia. Zile hesabu zilikuwa zimeniambia haya yote kwenye simu, ila nilizisoma kama mchezo. Pale mlangoni ndipo nilipopaswa kuvuka barabara na kumwambia. Mama alikuwa anatabasamu mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Nikavuka barabara, nikamwambia, "Ndiyo, mama, iko muzuri sana." Ninajichukia kwa sentensi hiyo mpaka leo.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Shively kumwona kaka. Nilimkuta anapaka rangi chumba cha chini cha nyumba aliyokuwa ameinunua mwaka uleule, bila kumwambia mama kwamba amenunua. Watoto wake walikuwa nje wanacheza mpira wa kikapu na wenzao. Tulikaa jikoni, akatoa soda.

"Mwambie wewe," nikasema. "Wewe ndiye mkubwa."

"Nikisema mimi, ni mutoto mwanaume amekataa mama yake. Sema weye."

"Nikisema mimi, ni binti anaharibu neno la kaka yake. Na weye ulisema ndiyo!"

"Nilisema ndiyo ya heshima."

"Na yangu ilikuwa ya nini?"

Tulipandishiana sauti mpaka mke wake, aliyekuwa ndio kwanza ametoka kazini, akasimama mlangoni na koti lake. Kaka akaona aibu, nami nikaona aibu. Tukakubaliana kwamba mama mwenyewe atachoka, tuliache jambo lififie. Niliondoka Louisville nimeridhika, nikasikiliza nyimbo njia nzima. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi, kwamba niliimba.

Majani yalipoanza kuanguka, mdogo wangu alipiga simu Jumapili mchana, analia. Nilidhani mama ameanguka. Akasema, "Mama ameaga kanisani."

Asiyelijua kanisa letu hawezi kuelewa. Mtu anayehama haondoki kimyakimya. Anasimama mbele, anasema anakwenda wapi na kwa nani, wachungaji wanamwekea mikono, wamama wanamwimbia, na kila mtu anamletea kitu cha kwenda kuanzia maisha. Mama alikuwa amesimama na kitenge kipya, akawaambia kwamba Mungu amesikia, watoto wake waliotawanyika watakuwa ua mmoja tena, na kwamba wameshamkubalia wote. Alipewa blanketi tatu, sufuria kubwa, mashuka, na kitabu cha nyimbo. Mama mmoja mzee alivua kitambaa chake mwenyewe kichwani akamfunga mama yangu. Mdogo wangu alikuwa amekaa safu ya pili na hakusema neno.

Jioni ileile tukampigia mama wote watatu kwenye laini moja. Kaka alieleza shule ya watoto, nyumba aliyonunua, kazi. Mimi nikaeleza presha yake na zahanati. Mdogo wangu alilia tu. Tulisema kila kitu tulichopaswa kusema miezi ile yote, tukayamaliza kwa dakika kumi. Mama hakutukatiza.

"Sawa," akasema mwishoni. "Nimesikia."

Hakulaumu, hakuuliza. Nilikuwa namngoja anitukane, ningeshukuru. Akatuombea baraka kama anavyofanya kila akifunga simu, akitaja watoto wetu mmoja mmoja, akafunga.

Tangu hapo mama hakwenda kanisani. Mdogo wangu aliniambia ni goti. Baadaye akaniambia goti halimzuii kupanda ngazi na magunia ya unga. Jumapili mama alijifungia jikoni na kupika, na wenzake wa kanisa walipokuja kumwona aliwapa chai, wakazungumza, wakaondoka. Theluji ya Buffalo ikaanza, ile inayofunika magari mpaka vioo, na bado hakwenda. Mama yangu aliyekwenda kusali kwa miguu kambini wakati wa mvua! Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: ana aibu. Amewaaga watu na hakuondoka. Amekula blanketi zao. Na aliyemtia aibu ni mimi.

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu ikinigeukia mwenyewe nataka kufanya jambo kubwa la kuonekana. Mwezi wa tatu nikaomba ruhusa kazini, nikaendesha hadi Buffalo, sikumwambia mtu nia yangu. Jumapili asubuhi nikamwacha mama anachambua maharage, nikaenda kanisani na mdogo wangu. Wakati wa ushuhuda nikanyoosha mkono.

Nilisimama mbele nikashika kipaza sauti. Nikasema kwamba mama yangu hakudanganya kanisa. Nikasema sisi watoto wake ndio tuliomdanganya, tulimkubalia kijiji ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyenuia kwenda, tukamwacha asimame hapa hapa akaage. Nikasema kosa ni letu, hasa langu, na naomba wamrudishe mama yangu. Nilikuwa nalia, na nakiri kwamba ndani ya kilio kile kulikuwa na raha kidogo, raha ya kutua mzigo.

Nilitegemea "Amina." Wamama wa safu ya mbele walikuwa wanatazamana. Kisha yule mzee aliyetoa kitambaa akasema kwa upole, bila kuinuka, "Lakini, binti yangu, mama yako alituambia ni yeye alikataa. Alisema nyinyi mulikwisha mununulia nyumba. Kaka yako alilia kwa telefone kumuomba aende. Yeye akaona dokta iko mbali, akawaambia, batoto yangu, muniache na batu yangu ba hapa. Siye tulikuwa tunasema, ona, ule ni mama mwenye batoto."

Sikumbuki nilivyorudisha kipaza sauti.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa ameshapigiwa simu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, sinia la maharage magotini, mikono imetulia. Mdogo wangu akaingia chumbani. Mimi nikabaki nimesimama na koti langu.

"Mama, nilifikiri uko na haya," nikasema. "Nilifikiri ni juu ya haya ndiyo hauendi kanisa."

"Haya ya nini?" akasema. "Bakija hapa nabaambia vile. Hapa ni kwangu, naweza kudanganya. Lakini kule ni mbele ya Mungu. Bangeniita nishukuru juu ya batoto bazuri, na mimi ningesema nini? Njo nikaikala huku nyumbani."

Nikapiga magoti kwenye sakafu ile ya plastiki, nikamshika miguu. Nikasema nisamehe, nikasema mara nyingi. Aliniwekea mkono kichwani, na mkono ule ulikuwa mpole, ndiyo maana sikuweza kuuinua uso.

"Nilikuwa nimebaficha batoto yangu," akasema. "Bote batatu. Nilibaficha muzuri. Sasa weye umebatoa inje mbele ya batu."

Kisha akaniambia niinuke, nivue koti, chakula kiko tayari. Jumapili iliyofuata alirudi kanisani, mdogo wangu akanieleza, na anakwenda mpaka sasa, anakaa safu za nyuma. Sisi tuko palepale, Louisville, Columbus, Buffalo. Kila Jumamosi nampigia, na kila Jumamosi namuuliza anataka nimfanyie nini. Ananiombea baraka, anawataja watoto wangu mmoja mmoja. Tangu siku ile mama hajaniomba kitu.